Nauli ya Mama: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Katesh, Hanang



Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Vipimo ni bure, dawa ni bure. Mbona bado wapo wanaofikishwa Hospitali ya Haydom wamebebwa?

Tuseme ukweli. Ng'ombe ni wa baba, mahindi ya ghalani ni ya baba. Mama anayekohoa kijijini Bassotu au Dongobesh haendi popote mpaka baba aridhie na kutoa nauli ya bodaboda. Akifika, anaambiwa arudi kesho kuchukua majibu ya kohozi. Kesho hiyo inataka nauli nyingine na ruhusa nyingine, na matibabu yenyewe ni miezi sita. Wengine wananyamaza kabisa wakiogopa kuachwa, maana jirani akisikia TB, anafikiria UKIMWI.

Tena si kila TB inakohoa. Ipo ya tezi, uvimbe wa shingoni, na wengi huupeleka kuchanjwa chale huku miezi inapita. TB ya tezi inaweza pia kutoka kwa ng'ombe, na vijidudu vya TB ya ng'ombe vimeshapatikana kwa wagonjwa wa kanda hii ya kaskazini. Kwa wafugaji wetu wengi anayekamua ni mama, na maziwa hunywewa mabichi. Chemsheni maziwa, jamani.

Akina baba, msidhani nawasema kama watoa ruhusa tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta TB kwa wanaume wengi kuliko wanawake. Baba anaogopa kupoteza kibarua cha ngano, anameza dawa ya kikohozi ya dukani, na anapofika kupima ameshawaambukiza watoto.

Waganga wakuu wa wilaya, nawaomba: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wachukue makohozi vijijini, yasafirishwe kwa pikipiki hadi maabara, na majibu yamfuate mgonjwa kwake. Kinachopaswa kusafiri ni kikopo, si mama mwenye homa.

Nawe baba, mkeo akikohoa wiki mbili, toa nauli siku hiyohiyo. Panda naye, mkapime wote wawili.