Kipimo Kimoja, Hukumu Tofauti: Vipimo vya Dawa na Haki ya Mwendesha Baiskeli wa Kulipwa



Nimeombwa nizungumzie vipimo vya dawa za kusisimua misuli na adhabu zake katika mbio za baiskeli za kulipwa. Historia yenyewe wengi wenu mnaijua, kwa hiyo nitaipitia mbio mbio. Mwendesha baiskeli Tom Simpson alifia kwenye mlima Mont Ventoux Julai 1967, amfetamini zikiwa mwilini mwake. Julai 1998 gari la timu ya Festina lilikamatwa mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji likiwa limesheheni EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, na dawa nyinginezo, na fedheha hiyo ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi, mwaka uliofuata. Mwaka 2012 Lance Armstrong alivuliwa mataji yake saba ya Tour de France. Katika simulizi hizi zote huwa tunauliza nani alitumia dawa. Leo naomba tuulize jambo la pili: wakishapatikana, wanahukumiwa sawa? Kwa maoni yangu hawahukumiwi sawa, na lawama kubwa siipeleki maabara. Kasoro iko baada ya maabara, pale mtuhumiwa anapotakiwa kujieleza.

Tuanze na chumba cha vipimo, maana wengi wanaolaumu au kutetea vipimo hawajawahi kukiona. Mshindi wa hatua, anayeongoza mbio na wengine waliochaguliwa kwa kura wanapewa taarifa mara tu wanapovuka mstari. Kuanzia hapo msindikizaji hawaondolei macho: akinywa maji yupo, akihojiwa na televisheni yupo. Chumbani, mwendeshaji mwenyewe ndiye anayechagua kikombe kilichofungwa. Anapandisha fulana hadi kifuani, anashusha bukta hadi magotini, anakojoa mbele ya ofisa wa jinsia yake. Zinahitajika mililita 90 kwa uchache. Mtu aliyetoka kupanda milima kwa saa tano juani anaweza kukaa hapo saa nzima na zaidi akinywa chupa baada ya chupa, huku basi la timu linamsubiri. Kisha anaumimina mkojo kwa mkono wake mwenyewe katika chupa A na chupa B, anazifunga kwa vizibo ambavyo haviwezi kufunguliwa bila kuvunjwa, na anaandika kwenye fomu dawa zote alizotumia siku za karibuni. Maabara inapelekewa namba tu, jina linabaki kwenye fomu.

Utaratibu huu ni mzuri, na siuoni kama wa kudhalilisha kuliko inavyolazimu. Chupa A ikionyesha kitu, mwendeshaji ana haki ya kudai chupa B ifunguliwe mbele yake au mbele ya mwakilishi wake. Lakini mkojo unaeleza kilichomo tu. Haukuelezi kiliingiaje, wala lini, wala kwa nia gani. Pengo hilo sheria imeliziba kwa kumtwisha mwanamichezo mzigo wote: kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Dawa nzito zinaleta adhabu ya kufungiwa miaka minne, na atakaye kupunguziwa ni lazima athibitishe mwenyewe kwamba hakukusudia. Naielewa sababu yake. Kama mwendesha mashtaka angetakiwa kuthibitisha nia, pasingekuwa na kesi hata moja ambayo ingefika mwisho. Ila mzigo wa kuthibitisha una gharama, na hapo ndipo usawa unapoanza kuvuja.

Chukueni salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Hii hairuhusiwi moja kwa moja wala haikatazwi moja kwa moja. Kuna kiwango cha kuvuta kwa siku, na kuna kikomo katika mkojo: nanogramu 1,000 kwa mililita, na maabara hutoa taarifa ya ukiukaji matokeo yakipita 1,200. Aliyezidi anaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba dozi halali ndiyo iliyompandisha.

Tazameni waendeshaji watatu waliopita katika mlango huu. Alessandro Petacchi, Mwitaliano, alipimwa katika Giro d'Italia ya 2007 akakutwa na 1,352. Shirikisho la kwao lilimsafisha. Kesi ikapelekwa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, nayo mwaka 2008 ikasema hakukusudia kudanganya ila hakuwa mwangalifu vya kutosha. Alifungiwa, na ushindi wake wa hatua tano za Giro ukafutwa. Diego Ulissi, Mwitaliano mwenzake, naye alikutwa na 1,900 katika Giro ya 2014. Kwa kuwa alikuwa na leseni ya Uswisi, alihukumiwa huko, akapata miezi tisa. Wa tatu ni Chris Froome, kijana aliyezaliwa Nairobi, akajifunza baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu, akavaa jezi ya Kenya kabla ya kuhamia Uingereza. Tarehe 7 Septemba 2017, katika Vuelta a España, mkojo wake ulisoma 2,000. Kwa kanuni mpya za maabara zinazozingatia mkojo ulivyokolea, kiwango hicho kilirekebishwa hadi 1,429, ambacho bado ni juu ya kikomo. Tarehe 2 Julai 2018 UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, ilifunga jalada. Hakufungiwa hata siku moja, na katikati ya uchunguzi alishinda Giro ya 2018.

Sisemi Froome alidanganya. Nimesoma maelezo ya WADA na yana mantiki: alikuwa mgonjwa, alikuwa akitumia dawa hiyo kwa wiki kadhaa kwa viwango vinavyobadilika, tena katikati ya mbio za wiki tatu, na hali hiyo isingeweza kurudiwa kwenye kliniki ili kumpima upya. Ninachouliza ni kwa nini hoja hiyo haikumwokoa Ulissi. Naye alikuwa katikati ya mbio za wiki tatu, naye ana pumu. Tofauti moja haina ubishi: Froome alikuwa na mawakili na wanasayansi walioandaa utetezi kwa miezi tisa, nyuma yake ikiwa timu tajiri kuliko zote za wakati huo. Rais wa UCI mwenyewe, David Lappartient, alikiri hadharani kwamba Froome alikuwa na uwezo wa fedha kuliko wengine wa kupata wataalamu wazuri. Kauli hiyo ilipita kama upepo. Mimi naona ndiyo kauli nzito kuliko zote zilizotolewa katika sakata lile, maana mkuu wa shirikisho alikuwa anatuambia kwamba bei ya utetezi ina uzito kwenye mizani.

Kuna pia suala la sayansi kubadilika baada ya mtu kuhukumiwa. Mhispania Alberto Contador alipimwa mjini Pau, siku ya mapumziko ya Tour de France, Julai 2010. Ilikutwa clenbuterol, dawa iliyopigwa marufuku, pikogramu 50 kwa mililita. Alisema imetoka kwenye nyama ya ng'ombe iliyonunuliwa mjini Irún. Hispania ikamwachia. UCI na WADA wakakata rufaa, na Februari 2012 CAS ikampa miaka miwili, ikamnyang'anya Tour ya 2010 na Giro ya 2011. Majaji waliona hadithi ya nyama haielekei kuwa kweli, wakadhani zaidi ni kirutubisho kilichochafuliwa. Basi tangu 2019 WADA imeruhusu kwamba clenbuterol iliyo chini ya nanogramu 5 ichunguzwe kwanza kama huenda imetoka kwenye nyama, kabla mtu hajashitakiwa. Piga hesabu: kiwango cha Contador kilikuwa sehemu moja tu ya mia ya kikomo hicho. Huenda matokeo yangekuwa yale yale, kwa sababu nyama ya Ulaya inadhibitiwa sana. Lakini angeingia mahakamani akiwa mtu anayeulizwa, badala ya mtu aliyekwisha kupatikana na hatia.

Mfano unaonikera zaidi hauna dawa ndani yake. Christophe Bassons alikuwa katika timu ya Festina, na akajulikana kuwa yule aliyekataa EPO wenzake wakiitumia. Katika Tour ya 1999 alisema wazi kwamba mbio bado ni chafu; Armstrong akamfuata barabarani akamwambia aondoke, wenzake wakamsusa, naye akaacha mbio. Baada ya kustaafu akaajiriwa na wizara ya michezo ya Ufaransa kusaidia vita dhidi ya dawa. Mwaka 2012 alishiriki mbio za baiskeli za milimani kama mtu wa kujifurahisha, akachoka, akajitoa, akaondoka na gari lake. Kumbe jina lake lilikuwa limechaguliwa kwa ajili ya kupimwa. Alipopigiwa simu alikuwa ameshafika mbali. Akafungiwa mwaka mzima. Rufaa ilipunguza hadi mwezi mmoja, lakini tazameni mwaka wenyewe: ni 2012 hiyo hiyo ambapo waliokuwa wenzake Armstrong, waliokiri kutumia EPO na kuongezewa damu kwa miaka, walipewa miezi sita. Tena miezi sita iliyoanza Septemba na kuisha Machi mosi, ambayo kwa sehemu kubwa ni majira ya baridi, wakati ambapo mbio ni chache.

Najua utetezi wa miezi sita ile. Bila ushahidi wao Armstrong asingeanguka, na kanuni zinaruhusu kumpunguzia anayesaidia upelelezi. Naafiki. Anayesema ukweli lazima apate kitu, la sivyo hakuna atakayefungua kinywa. Ila wao walizungumza walipoitwa na wapelelezi, wengi wakiwa tayari wamechuma fedha na umaarufu. Punguzo lilipaswa kupimwa kwa saa ambayo mtu alizungumza, si kwa uzito wa jina alilolitaja tu.

Wale walio nyuma ya mwanamichezo, yaani madaktari na mameneja, kwa miaka mingi walipona. Daktari Eufemiano Fuentes, ambaye polisi wa Hispania walikuta mifuko ya damu ya waendeshaji kwake Madrid mwaka 2006, alifutiwa hatia na mahakama miaka kumi baadaye, kwa kuwa sheria ya Hispania wakati ule haikulitaja kosa hilo ipasavyo. Ivan Basso, mmoja wa wateja wake, alikuwa ameshamaliza adhabu ya kufungiwa miaka miwili zamani sana. Mambo yameanza kubadilika. Johan Bruyneel, meneja wa Armstrong, alipewa miaka kumi, na CAS ikaigeuza kuwa maisha mwaka 2018. Mahakama ya Ujerumani ilimpeleka jela daktari Mark Schmidt wa Erfurt mwaka 2021, miaka minne na miezi kumi. Huko ndiko ninakotaka twende, maana mwendeshaji wa miaka 22 akifungiwa, daktari wake kesho yake anapata mwingine wa miaka 21.

Tangu 2015 UCI ina baraza lake la kuhukumu kesi za dawa, kwa hiyo ule mtindo wa kila nchi kumwachia mtu wake umepungua. Hatua iliyobaki ni fedha na uwazi. Ada ya kufungua rufaa ya nidhamu CAS ni faranga za Uswisi 1,000, siyo kubwa. Kubwa ni mfamasia wa kukufanyia utafiti, na wakili. Napendekeza gharama za wataalamu katika kesi za vitu vyenye kikomo zitoke kwenye mfuko wa pamoja unaochangiwa na timu zote. Napendekeza pia kila uamuzi, wa kumfungia mtu na wa kumwachia, utolewe na hoja zake za kisayansi. Katika suala la Froome umma ulipewa taarifa fupi tu, na ripoti za wataalamu hazikuwekwa wazi.  Atakayekamatwa kesho atazihitaji.

Kwa sisi wa huku jambo hili haliko mbali tena. Mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na vijana wetu wanaingia kwenye orodha za kupimwa kabla hawajapata timu yenye daktari. Makocha, wafundisheni mambo matatu kabla ya mbio za kwanza za nje: waende chumbani na mtu wao, kwani kanuni zinawaruhusu mwakilishi na mkalimani, waandike kila kidonge kwenye fomu, hata cha mafua, na kama kuna kilichokwenda kombo, kizibo kilicholegea au ofisa aliyewaharakisha, wakiandike kwenye nafasi ya maoni kabla ya kutia sahihi. Majaji huanza kuangalia hapo.