Wiki za Kwanza za Dawa za Sonona: Mgonjwa Afanye Nini Madhara Yanapoanza

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la afya. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo lakini huwarudisha nyuma wagonjwa wengi. Mtu ameugua sonona, yaani huzuni nzito isiyomwondoka wiki baada ya wiki, ikamnyima usingizi, hamu ya kula na nguvu za kufanya kazi. Baada ya kusitasita kwa muda mrefu amekwenda hospitalini, amepewa dawa, na ameanza kuzimeza. Siku ya nne au ya tano tumbo linamsokota, kichwa kinamgonga, usingizi umepotea, na ile huzuni bado ipo palepale. Anasema, "Dawa hii itanimaliza." Anaiweka kabatini, wala harudi kliniki.

Chukua mfano wa mama muuza samaki. Huamka saa kumi alfajiri kuwahi boti zinaporudi. Amepewa fluoksetini, kidonge kimoja kwa siku. Anakimeza alfajiri hiyo akiwa na njaa, kisha anateremsha kikombe cha chai nzito. Kufikia saa mbili asubuhi, harufu ya samaki aliyoizoea miaka yote inamtapisha. Mikono inatetemeka na moyo unamwenda mbio. Jirani anamwambia dawa za akili humfanya mtu kuwa mtumwa. Je, mama huyu aache dawa?

Kwa nini madhara hutangulia nafuu

Dawa nyingi za sonona, kama vile fluoksetini, sertralini na esitalopramu, hufanya kazi kwa kuongeza nguvu ya kemikali ya mwili iitwayo serotonini. Kemikali hiyo haiko kwenye ubongo peke yake. Sehemu yake kubwa iko tumboni na kwenye matumbo. Ndiyo maana mtu anapoanza dawa, tumbo huwa la kwanza kulalamika: kichefuchefu, kuhara au kukosa hamu ya chakula.

Ubongo nao huchukua muda kujirekebisha. Kwa kawaida mgonjwa huanza kuona nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Madhara, kwa upande wake, huanza siku za mwanzo, na mengi hupungua ndani ya wiki 1 hadi 2. Kwa hiyo kuna kipindi kifupi ambapo mgonjwa anapata taabu ya dawa bila kuonja faida yake. Asipoelezwa mapema, atadhani dawa imemkataa. Akielezwa, atajua kwamba anapita mahali ambapo wengi wamepita, na kwamba kuna mwisho wake.

Si kila mtu hupata madhara. Wako wanaomeza dawa wasihisi lolote. Wengine hupata moja au mawili, na ni nadra mtu kuyapata yote.

Namna ya kupunguza taabu

Kichefuchefu hupungua dawa inapomezwa pamoja na chakula au baada yake. Yule mama akisubiri hadi anywe uji na kipande cha kiazi, tumbo litatulia zaidi. Kula kidogo mara nyingi kuna nafuu kuliko kungoja sahani moja kubwa ya jioni. Vyakula vyenye mafuta mengi na pilipili viwekwe kando kwa siku hizo. Anayeharisha anywe maji ya kutosha.

Usingizi una pande mbili. Ikiwa dawa inamnyima mtu usingizi, kama fluoksetini inavyowafanyia baadhi ya watu, imezwe asubuhi. Ikiwa inamlaza, imezwe usiku. Amitriptilini, dawa ya zamani ambayo bado hutumika sana katika hospitali za umma, huleta usingizi mzito, na ndiyo sababu wagonjwa huambiwa waimeze wakati wa kulala. Mwendesha bodaboda, dereva wa matatu, fundi wa mashine au mtu anayeshika panga shambani asifanye kazi hiyo mpaka ajue dawa inamwathiri vipi.

Wasiwasi, kutetemeka na moyo kwenda mbio huwapata baadhi ya watu siku za mwanzo. Kahawa, chai nzito, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa na muguka huzidisha hali hiyo. Kuvipunguza, au kuviacha kabisa kwa wiki hizo, huleta tofauti. Kutembea kidogo asubuhi au jioni pia husaidia. Wasiwasi ukiwa mkali kiasi cha mtu kushindwa kutulia, mhudumu wa afya anaweza kupunguza kipimo kisha akakipandisha polepole.

Amitriptilini ina madhara yake ya pekee: kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, macho kuona ukungu, mkojo kutoka kwa shida, na kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Maji, matunda, mboga za majani na vyakula visivyokobolewa husaidia choo. Anayelala akitaka kuamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha asimame taratibu. Wazee wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa kuanguka kunaweza kuwavunja nyonga. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au matatizo ya tezi dume lazima amwambie daktari kabla ya kuanza dawa hii.

Kuna jambo lingine ambalo watu huona haya kulitaja. Dawa hizi zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, au kuchelewesha kufika kilele, kwa wanaume na wanawake. Tofauti na kichefuchefu, hali hii huenda isiondoke yenyewe. Wapo walioacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, na wapo waliogombana nyumbani mume au mke akidhani hapendwi tena. Hakuna aibu kumwambia daktari faraghani. Kipimo kinaweza kubadilishwa, au mgonjwa akapewa dawa nyingine.

Anayefunga mwezi wa Ramadhani na anameza dawa mara moja kwa siku anaweza kuzungumza na mhudumu wake wa afya juu ya kuhamishia dawa wakati wa futari au daku. Asiache kumeza kwa mwezi mzima.

Kidonge kikisahaulika, mgonjwa amuulize mhudumu au mfamasia la kufanya. Jambo moja halibadiliki: asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia.

Vitu visivyochanganywa na dawa hizi

Pombe ndiyo ya kwanza. Chang'aa, mnazi, busaa au bia, zote huongeza usingizi na kuirudisha huzuni nyuma ya mlango uleule ilikotokea. Mtu akinywa akiwa ametumia amitriptilini, hatari ni kubwa zaidi.

Ya pili ni tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wengine huinunua bila cheti cha daktari. Ikikutana na dawa za sonona inaweza kuleta degedege, au kuzidisha serotonini mwilini kiasi cha kuhatarisha maisha. Baadhi ya dawa za kikohozi zina hatari hiyohiyo. Hata dawa iitwayo linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, haipatani nazo.

Ya tatu ni dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Zikitumiwa pamoja na dawa za kundi la fluoksetini huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Kwa hiyo kila anayekwenda duka la dawa kununua kitu cha kichwa, mgongo, kikohozi au malaria ataje kwanza kwamba anatumia dawa ya sonona. Dawa za miti shamba nazo zitajwe bila kuogopa kukemewa, maana mhudumu hawezi kumkinga mtu na asichokijua.

Dalili zisizongojwa hadi kesho

Madhara mengi huvumilika, lakini yako yasiyovumiliwa. La kwanza ni mawazo ya kujiua au kujidhuru. Wiki za mwanzo za matibabu, na kila kipimo kinapobadilishwa, zinahitaji macho ya karibu, hasa kwa vijana walio chini ya umri wa miaka 25. Kijana akianza kuhangaika, kukosa utulivu, kuaga watu au kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

La pili ni homa, jasho jingi, misuli kukakamaa, kutetemeka kusikokoma na kuchanganyikiwa. La tatu ni uso, midomo au ulimi kuvimba, vipele vya ghafla mwilini au kupumua kwa shida. La nne ni degedege, kuzimia, kutapika damu au choo cheusi kama lami. La tano ni furaha iliyopita kiasi: mtu halali siku kadhaa, anaongea bila kupumzika, anatapanya pesa na kujiona ana uwezo wa ajabu. Hiyo haimaanishi kwamba dawa imefanya kazi vizuri sana. Huenda ana ugonjwa mwingine unaohitaji matibabu tofauti. Mzee anayechanganyikiwa na kulegea siku chache baada ya kuanza dawa naye apelekwe hospitalini, kwa sababu chumvi ya mwilini huenda imeshuka.

Familia zisiogope polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mtu aliyefikia hapo ni mgonjwa, na mahali pake ni hospitalini.

Kazi ya walio nyumbani

Mwenye sonona mara nyingi hana nguvu ya kujitetea. Jamaa anaweza kumkumbusha saa ya dawa, kumpikia uji, kumsindikiza kliniki na kuandika kwenye daftari madhara aliyoyaona na siku yalipoanza. Daftari hilo humsaidia mhudumu kujua kama taabu inapungua au inazidi.

Dawa zihifadhiwe na mtu mmoja mwaminifu, mbali na watoto. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huua, kwa hiyo pakiwa na hofu ya mtu kujidhuru, asikabidhiwe dawa za mwezi mzima. Jamaa amwombe mhudumu atoe za siku chache chache.

Nalo neno la jirani kwamba dawa hizi humfanya mtu mtumwa lijibiwe kwa upole. Dawa za sonona hazileti uchu kama pombe au sigara, wala mtu hahitaji kuongeza kipimo kila mara ili apate raha. Lakini mwili huzizoea. Zikiachwa ghafla, mtu anaweza kupata kizunguzungu, hasira za ghafla, ndoto mbaya na mshtuko kama wa umeme kichwani. Kwa hiyo haziachwi kwa siku moja. Hupunguzwa polepole chini ya uangalizi wa daktari. Nafuu ikipatikana, matibabu huendelea kwa angalau miezi 6 zaidi ili ugonjwa usirudi. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiziache kwa hofu. Aende kwanza akaulize, kwani ziko zinazoweza kutumika wakati huo, na sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto.

Turudi kwa muuza samaki

Siku ya sita mama yule alirudi zahanati akiwa na nia ya kurudisha vidonge. Muuguzi hakumgombeza. Alimuuliza, "Mama, unameza saa ngapi? Unakuwa umekula?" Mama akaeleza habari ya alfajiri na chai nzito. Muuguzi akamwambia, "Basi mama, usimeze ukiwa na njaa. Subiri urudi kutoka ufuoni, unywe uji, ndipo umeze. Chai iwe nyepesi. Nipe wiki moja, kisha uje unieleze. Ikikushinda, daktari atabadilisha, hatutakulazimisha." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa matibabu ya mwaka mzima. Mgonjwa anahitaji kusikia mambo matatu: taabu yake inajulikana, kuna la kufanya, na mlango wa kurudi uko wazi.

Basi anayeanza dawa aulize maswali kabla ya kutoka kliniki: nimeze saa ngapi, nitarajie nini, nirudi lini, nimpigie nani nikizidiwa? Wahudumu wa afya ya jamii wanapopita nyumba kwa nyumba wamtembelee katika wiki 2 za kwanza, kwa sababu huo ndio wakati wa kukata tamaa. Anayehitaji mtu wa kuzungumza naye anaweza kupiga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199. Penye hatari ya maisha, hospitali iliyo karibu ndiyo ya kukimbiliwa.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Katika jambo hili, mvumilivu ni yule anayevumilia madogo na kuyasema makubwa mapema.