MIKOPO YA ASILIMIA KUMI: NI AMANA, SI NGAWIRA

(Matini ya nasaha iliyotolewa kwa waumini wa Arusha na Meru)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu, aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mfanyabiashara mkweli na mwaminifu kabla ya kupewa Utume na baada yake, pamoja na jamaa zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. 

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo linalogusa meza zetu za chakula kabla ya kugusa vitabu vyetu. Nalo ni mikopo inayotolewa na halmashauri zetu kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la asilimia kumi. Tumelichagua kwa sababu tumeona waumini wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea. Kundi la kwanza linasema kila mkopo ni riba, hivyo halikaribii. Kundi la pili linasema hizi ni pesa za Serikali, zichukuliwe na zisirudishwe. Baina ya makundi haya mawili, mama zetu wanaangamia.

Hali tunayoiona

Sisi tunaosomesha watoto madrasa huyajua ya nyumbani kabla hayajasemwa. Mtoto anapokosa kuja wiki mbili mfululizo, hatuulizi tena kama anaumwa. Tunauliza kama nyumbani kuna deni. Tulimfuatilia mama mmoja, muuza ndizi, ambaye hununua mikungu Tengeru na kuileta sokoni mjini. Mtaji ulipokatika alikwenda kwa wakopeshaji wa mtaani wanaojulikana kwa jina la kausha damu. Jina lenyewe linatosha kuwa maelezo. Alikopa, akashindwa kulipa kwa tarehe, deni likaongezwa, akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Siku tuliyofika kwake, viti na televisheni vilikwisha kuchukuliwa, na wale watoto walikuwa wamepelekwa kwa bibi yao.

Tukamuuliza: Mama, mbona hukwenda halmashauri? Akajibu kwamba aliambiwa msikitini kuwa mikopo ya Serikali ni haramu.

Jawabu hilo lilituliza usiku. Mama yule aliikimbia riba ya kudhaniwa akaingia katika riba ya yakini. Nani atakayeulizwa juu ya hilo? Yeye peke yake, au na sisi tuliopanda mimbari tukasema bila kuchunguza?

Sheria inasemaje?

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kulihukumia jambo ni tawi la kulielewa. Basi na tulielewe kwanza.

Wengi wetu tunakumbuka ile mikopo ya mwaka 2006 iliyoitwa Mabilioni ya JK. Mikopo ile ilipitia benki na ilikuwa na riba. Masheikh waliowaonya waumini wakati ule hawakukosea. Kosa ni la sisi tuliolichukua onyo la jambo moja tukalibandika juu ya jambo jingine bila kutazama.

Mwaka 2018 iliongezwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kifungu cha 37A. Kifungu hicho kinazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Na mikopo hiyo haitozwi riba. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2019. Kwa hiyo Jiji la Arusha, Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru zote zinahusika na wajibu huu.

Mkopo usio na ziada wenyewe wanazuoni wanauitaje? Wanauita qardh hasan, mkopo mwema. Anayekopeshwa laki tano anarudisha laki tano. Huo si riba. Riba ni ile nyongeza inayoshurutishwa juu ya deni, na Allah (S.W.) ametangaza vita dhidi ya wanaoing'ang'ania, kama tunavyosoma katika Suratul Baqara, aya ya 278 na 279.

Wapo wanaouliza: Je, mapato ya halmashauri si yamechanganyika na ushuru wa baa na leseni za pombe? Swali ni zuri, na linatoka katika moyo unaoogopa. Jawabu ni kuwa jamhuri ya wanazuoni wameruhusu kuamiliana na mwenye mali iliyochanganyika, maadamu muamala wenyewe ni halali. Mtume (S.A.W.) alifariki hali deraa yake iko rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kwa ahali zake, kama ilivyo katika Sahih Al-Bukhari, na haifichikani kwamba Mayahudi walikuwa wakila riba. Mwenye kujizuia kwa uchamungu wake, tunamheshimu. Lakini asiwafunge wengine kwa kamba ambayo Sheria haikuwafunga.

Pamoja na hayo, hatusemi mtu atie sahihi huku amefumba macho. Mkataba usomwe neno kwa neno. Ikiwa kuna ada ya gharama halisi za kuandaa mkopo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu gharama halisi za huduma na likasema kilichozidi hapo ni riba. Na kikionekana kifungu cha kuongeza deni kwa sababu ya kuchelewa, hiyo ndiyo riba ya zama za Jahiliya yenyewe. Hapo kikundi kisimame, kiulize halmashauri, na kiwarudie wenye elimu kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Fedha hizi ni za nani?

Sasa tuligeukie kundi la pili, nalo ndilo lililotuumiza zaidi. Hawa hawana shaka ya riba. Shaka yao ni kwa nini warudishe.

Ndugu zetu, hii si ruzuku. Si sadaka, si zawadi ya mgombea wakati wa uchaguzi. Mapato ya ndani ya halmashauri ni ushuru anaolipa muuza nyanya wa Soko la Kilombero, pango la kibanda pale Soko Kuu, ushuru wa mazao yanayoteremka kutoka miteremko ya Mlima Meru na ada ya leseni ya fundi cherehani wa Kaloleni. Mama mwenye beseni la mboga amechangia fedha hizi. Anayezila amekula jasho la mama huyo.

Imepokewa katika Tarikh ya Imam At-Tabari kwamba Hind bint Utba (R.A.) alikopa dirhamu elfu nne kutoka Baytul-Mal katika zama za Umar bin Al-Khattab (R.A.) ili afanyie biashara, na akadhamini kuzilipa. Akasafiri, akanunua na kuuza. Aliporejea Madina alilalamika kwamba amepata hasara. Umar akamwambia kwa maana hii: lau mali ingekuwa yangu ningekuachia, lakini hii ni mali ya Waislamu.

Tafakarini kisa hiki. Mwanamke amekopeshwa kutoka hazina ya umma bila ziada, akafanya biashara. Hakuna aliyemwambia kuwa amefanya haramu. Lakini ulipofika wakati wa kulipa, Amirul-Muuminin hakuwa na mamlaka ya kumsamehe kwa kitu kisichokuwa chake. Makundi yote mawili yamejibiwa hapo.

Na mwenye kudhani kwamba mali ya umma ni ngawira, basi na akumbuke hata hiyo ngawira ina hukumu zake. Katika safari ya Khaybar alikuwapo mtumishi wa Mtume (S.A.W.) aliyepigwa mshale akafa. Watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume (S.A.W.) akawajulisha kuwa ile shuka aliyoichukua kabla ya ngawira kugawanywa inawaka moto juu yake. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Ikiwa shuka moja imefanya hivyo, vipi mamilioni yaliyogawanywa nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi?

Matokeo ya khiyana tumeyaona hapa duniani kabla ya Akhera. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa mwaka wa fedha 2021/22 ilianika mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwapo. Mwezi Aprili 2023 Serikali, kwa kauli ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ikasitisha utoaji wa mikopo hiyo. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa, na halmashauri kumi, miongoni mwao Jiji la Dar es Salaam na jirani zetu wa Siha, zikateuliwa kwa majaribio ya kuitoa kupitia benki. Zaidi ya mwaka mzima mlango ulifungwa. Waliokula walikuwa wachache. Waliolala njaa ni wale ambao hawakuwahi kuonja, na miongoni mwao ni akina mama waliosukumwa kwa kausha damu.

Hatusemi haya kuwanyooshea wengine kidole. Sisi wenyewe tunakijua kikundi kilichoundwa na watu wa safu za mbele msikitini. Walipata mkopo, wakagawana, kila mtu akaenda zake: mwingine akalipia harusi, mwingine akamalizia ukuta. Mradi ulioandikwa wa kufuga kuku haukuona hata kifaranga kimoja. Hadi leo wakikutana kwa wudhuu hawatazamani usoni.

Deni si mchezo

Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah (S.W.) kutokana na deni katika Swala yake. Alipoulizwa sababu alieleza kwamba mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Je, si hivi ndivyo tulivyo? Simu inazimwa, mtoto anatumwa aseme baba amesafiri. Na aliletewa jeneza la mwenye deni asilisalie, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Shahidi naye husamehewa kila kitu isipokuwa deni.

Kwa hiyo kuruhusiwa si kuhimizwa. Anayeweza kuendesha biashara yake kwa mtaji wake na akashukuru, yuko katika raha. Abdurrahman bin Awf (R.A.) alipotolewa nusu ya mali ya ndugu yake wa Kiansari, alimwombea baraka na akataka aoneshwe soko. Lakini mwenye dharura ya mtaji, mwenye kazi anayoijua na nia ya kulipa, mlango huu wa halali usifungwe mbele yake.

Nini kifanyike

Kwanza, maimamu na walimu tuache kutoa hukumu ya jumla. Tuiombe mikataba na kanuni, tuzisome, kisha tuseme.

Pili, kila msikiti uwe na watu wawili au watatu wa kuwasaidia waumini kuunda vikundi. Kikundi kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Njia huanzia serikali ya mtaa au kijiji na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Maafisa hawa wameajiriwa kwa kazi hiyo. Kwenda kwao si kuomba hisani.

Tatu, tuchague wenzetu wa kikundi kwa uaminifu wao, si kwa undugu wala ujirani. Asiyeswali kwa wakati wala kulipa deni la duka la mtaa, hatabadilika kwa kupewa milioni.

Nne, tuandikiane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Kila rejesho liwe na risiti, na daftari lisomwe mbele ya wanakikundi wote.

Tano, watu wenye ulemavu wasitumiwe kama muhuri. Mwenye kumwandikisha ndugu asiyeona ili apate sehemu ya asilimia mbili, kisha akampa nauli na kubaki na mtaji, amekula mali ya mnyonge kwa batili.

Sita, wale ambao hawamo katika makundi haya matatu, mfano wa mzee wa kiume aliyefilisika, hao ni wetu. Zaka ina fungu la wenye madeni, nalo limetajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Tusiwaache kwa kausha damu hali wenye nisabu wamo katika safu zetu.

Na aliyekwisha kukopa akashindwa kwa udhuru wa kweli, mazao yameoza au mwili umeugua, asikimbie. Aende ofisini, aeleze hali yake, aombe muda. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaamrisha mwenye dhiki apewe nafasi mpaka apate wepesi. Lakini anayeomba nafasi ni yule anayejitokeza, si anayejificha.

Yule mama muuza ndizi, tunamshukuru Allah (S.W.), amepata wenzake wanne wenye sifa njema, na andiko lao limekwisha kuandikwa. Watoto wamerudi madrasa. Nasi tumejifunza kuuliza kabla ya kuharamisha.

Tunamwomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake kutokana na haramu Yake, atupe riziki yenye baraka, awape wepesi wenye madeni, na asitukutanishe Naye hali shingo zetu zimebeba haki za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.