Nyumba na Bustani ya Bagamoyo



Ndugu wapenzi wa Mabawe, nanyi walimu wetu: wengi mmetuuliza tuliona nini kule pwani tulipokwenda kuitazama misioni ya zamani ya Bagamoyo. Basi sikilizeni.

Misioni ile ilianzwa mwaka 1868 na Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, mkubwa wao Padre Antoine Horner. Mwaka 1872 ikaja tufani, ikabomoa majengo. Nao wakajenga tena. Tuliiona nyumba kubwa ya Mapadre, ya ghorofa, yenye matao. Tuliingia pia katika nyumba ya Masista ya mwaka 1876, ambayo leo ni makumbusho. Nje yake pana njia ndefu kati ya safu mbili za miembe ya kale, nayo yaelekea ufukoni uliko msalaba. Kivuli chake ni kizuri mno, na mgeni hupenda kukaa.

Walakini tulipokaa kivulini tukaulizana: Ni nani aliyeilima bustani hii? Padre hakuilima peke yake. Wengi wa waliolima walikuwa watoto walionunuliwa katika soko la watumwa la Unguja, wapate kuwa huru. Walisali, walisoma, na kila siku ya kazi walishika jembe. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama alipenda jembe lile. Hatusemi hivi ili kuwahukumu Mapadre, maana wao nao waliacha kwao, na wengi wamezikwa pale pale. Lakini haki yatudai tuseme kweli: bustani ile ilinyweshwa jasho la watoto wasio na baba wala mama karibu.

Tena watoto hao walipokua wakaoana, na baadhi yao wakatumwa bara. Mwaka 1877 jamaa za Wakristo wa Bagamoyo walikwenda pamoja na Mapadre kuanza misioni ya Mhonda. Hao ndio waliotutangulia sisi makatekista katika kazi hii. Majina ya Mapadre yamo vitabuni na makaburini. Majina yao wengi hayajulikani tena.

Ndugu, mkono mmoja haulei mwana. Katika jubilei hii twahesabu makanisa na mashule, nasi twafanya vema. Walakini ni nani aliyefinyanga matofali yetu? Ni mama gani aliyeteka maji ya kukandia udongo? Wazee wanaokumbuka wamebaki wachache, na mzee akizikwa, majina huzikwa naye.

Kwa hiyo twawasihi ninyi walimu: kila mmoja atwae daftari, aende kwa wazee wa kijiji chake, aandike majina hayo kabla mwaka huu wa jubilei haujaisha. Kisha yasomwe kanisani, watoto wakisikia, nasi tuwaombee wote waliotajwa.

Mungu awabariki.