Wimbo Usio na Maneno: Charlie Chaplin na Makao ya Maana katika Lugha

Mhadhara huu unahusu swali kongwe katika isimu: maana ya usemi hukaa wapi? Jibu jepesi ni kwamba hukaa katika maneno. Mfano utakaotumiwa kulipima jibu hilo hautoki katika kitabu cha sarufi, bali katika onyesho moja fupi la filamu ya kuchekesha. Filamu yenyewe ni Modern Times, yaani Nyakati za Kisasa, iliyotungwa, kuongozwa na kuigizwa na Charlie Chaplin, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi Februari 1936.

Hapana budi kuanza na historia. Chaplin, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1889 na kukulia katika majukwaa ya vichekesho, alimwingiza katika sinema mhusika wake mashuhuri, Mzururaji mwenye bakora na viatu vipana, mwaka 1914. Filamu za wakati ule zilikuwa bubu. Mwaka 1927 filamu iitwayo The Jazz Singer ilifungua mlango wa filamu za maneno, na baada ya miaka michache tu Hollywood takribani yote ilikuwa imepita mlangoni humo. Chaplin alibaki nje. Filamu yake ya City Lights, ya mwaka 1931, ina muziki na milio, lakini haina mazungumzo. Huo haukuwa ukaidi mtupu. Mzururaji alieleweka katika nchi nyingi kwa kuwa hakuwa mzawa wa lugha yoyote. Siku ambayo angetamka sentensi moja ya Kiingereza, angepata lafudhi, tabaka na kwao, na wengi miongoni mwa watazamaji wake wangejiona wageni mbele yake.

Katika Modern Times, sauti za kusema zinazosikika hutoka katika mitambo. Mkuu wa kiwanda hutoa amri kupitia skrini kubwa, na mashine ya kuwalisha wafanyakazi hunadiwa kwa santuri. Mwenye mamlaka husikika. Mnyonge hutazamwa tu. Ndipo, kuelekea mwisho wa filamu, Mzururaji anapata kazi ya kuhudumu na kuimba mkahawani. Hawezi kuyakariri maneno ya wimbo, hivyo mwenzake, binti fukara aliyeigizwa na Paulette Goddard, anamwandikia kwenye ncha za mikono ya shati, zile za kuvalishwa na kuvuliwa. Mzururaji anaingia ukumbini kwa mbwembwe, anarusha mikono, na ncha hizo zinachomoka na kuruka zikiwa na wimbo wote. Anazitafuta sakafuni huku akicheza ili wateja wasimgundue. Binti anamhimiza aimbe tu, maneno yasimsumbue. Naye anaimba. Watazamaji waliomngoja kwa miaka 22 wanaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, na lugha anayoimba haipo duniani.

Ajabu ni kwamba wimbo unaeleweka. Lahani yake ni ya wimbo wa Kifaransa wa Léo Daniderff uliojulikana sana Ulaya. Kwa mikono, macho na kiuno, mwimbaji anaonyesha mwanamume mnene mwenye pete, msichana mwenye madaha, na mvutano wa kutongozana baina yao. Wateja wanacheka mahali panapostahili kuchekwa.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, lugha hiyo ya kubuni haina msamiati, lakini ina fonolojia. Silabi zake zimepangwa kwa kufuata mazoea ya Kifaransa na Kiitaliano, na humo mnachomoza sauti zinazokumbusha sigara na teksi. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaijua hali hii kupitia mchezo wa kinyume, ambao huileta silabi ya mwisho mwanzoni. Asiyeujua mchezo akisikia “bukita” hatatambua kwamba ni kitabu, lakini atakubali kwamba neno kama hilo lingeweza kuwamo katika Kiswahili. Akisikia “kbitu” atakataa papo hapo. Sikio lina sarufi yake kabla ya kamusi.

Pili, kiimbo, mapigo na ishara za mwili, ambazo wanaisimu huziita viziada lugha, hapa si ziada hata kidogo. Ndizo zinazobeba kisa chote, ilhali sauti za kinywani zinaonyesha tu kwamba kuna mtu anayesema.

Tatu, si kweli kwamba kila mtu hucheka kicheko kilekile. Asiyewahi kusikia Kifaransa wala Kiitaliano atakifuata kisa, lakini mzaha wa kuigiza lugha hizo utampita. Hata ishara zenyewe zina kwao, kwani madaha ya yule msichana ni ya majukwaa ya Ulaya. Mwili nao una lahaja.

Chaplin alirudia mbinu hii mwaka 1940 katika The Great Dictator, kwa shabaha nyingine. Dikteta Hynkel anahutubia kwa Kijerumani cha uongo, akikoroma na kukohoa, huku mkalimani wa redio akifupisha mafuriko ya chuki kwa sentensi tulivu, kavu na fupi. Hapo mtazamaji anaamini koo la msemaji kuliko maneno ya mkalimani. Umbo lile lile la usemi usio na maneno lililokuwa ngao ya mnyonge mkahawani linakuwa silaha ya dhalimu jukwaani. Kwa hiyo, asiyefunzwa kusikiliza zaidi ya maneno anaweza kukosa kicheko, na anaweza pia kukosa onyo.

Mfasiri afanye nini na wimbo wa Mzururaji? Akiupa maneno ya Kiswahili chini ya picha, atakuwa amezirudisha zile ncha za shati na kuua kichekesho. Tafsiri aminifu hapa ni kunyamaza.

Lakini funzo zito zaidi linawahusu wakusanyaji wa fasihi simulizi. Kwa miongo mingi ngano zimekusanywa kwa kuandikwa maneno peke yake. Mkono ulioinuliwa, kituo cha kumngojesha msikilizaji, sauti ya fisi iliyoigwa puani, itikio la watoto: yote hayo yameachwa uwanjani. Kilichohifadhiwa maktabani ni ncha za shati zenye maandishi, mwimbaji hayumo. Maandishi hayo yana thamani kubwa, na ni kosa kuyadharau. Hata hivyo, mwanafunzi anayekwenda leo kumrekodi msimulizi ana kamera, na hana udhuru waliokuwa nao waliomtangulia. Mwandishi wa ngano aandike maneno, kisha aandike na namna yalivyosemwa, nani aliitikia, na wapi watu walicheka. Msimulizi akishafariki, maneno yaweza kusomwa tena na yeyote. Namna yake ya kuyasema haitapatikana popote kama haikurekodiwa.