Webuye, Mji wa Mto Nzoia na Kiwanda Chake

Leo tutazungumza juu ya Webuye, mji mdogo wa magharibi ya Kenya. Huenda mtauliza: Webuye yatuhusu nini sisi tunaolima mpunga kwa mifereji hapa Idodi? Yatuhusu kwa sababu mkoa wetu wa Iringa nao unacho kiwanda cha namna ile ile, pale Mgololo katika wilaya ya Mufindi. Kiwanda cha Webuye ni kaka yake, na mwenye busara huyatazama yaliyompata kaka yake.

Mji ulivyokua

Webuye uko kando ya mto Nzoia, katika kaunti ya Bungoma. Wakati wa ukoloni uliitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya maji yaliyo karibu. Ulikuwa mji mdogo tu kwenye reli ya kwenda Uganda. Kisha serikali ya Kenya ilishirikiana na kampuni ya Birla ya India, pamoja na shirika moja la Benki ya Dunia, ikaundwa kampuni ya Pan African Paper Mills. Mwaka 1974 mashine zikaanza kutoa karatasi.

Kwa nini Webuye na si pengine? Kiwanda cha karatasi hutaka vitu vitatu: miti, maji mengi na njia ya kusafirisha mizigo. Misindano ilipandwa katika nchi ya Turbo na kwingineko. Maji yalikuwa ya Nzoia. Reli na barabara zilikuwapo tayari. Basi watu wakaja kutafuta kazi, nyumba za kupanga zikajengwa, maduka yakafunguliwa. Mji ukakua, na kiwanda ndicho kilichoukuza.

Karatasi hupikwa

Wengi hudhani kwamba karatasi hutengenezwa kwa kusaga mti tu. Sivyo. Kazi hii hasa ni kazi ya kemikali, yaani ya dawa kali. Mama akitaka maharage yaive upesi hutia magadi. Kiwandani hufanya vivyo hivyo, ila magadi yao ni makali mno.

Mti una nyuzi nyembamba zilizoshikanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Miti hukatwa vipande vidogo, ikatiwa katika chungu kikubwa cha chuma pamoja na kostiki soda na chumvi ya salfa, ikapikwa kwa joto la digrii 170 hivi. Gundi huyeyuka na nyuzi hubaki. Njia hii ilibuniwa na mkemia Mjerumani, Carl Dahl, mwaka 1879. Karatasi yake ni ngumu, ndiyo maana hutengenezewa mifuko ya saruji.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika kila kilo 100 za mti mkavu hupatikana nyuzi kama kilo 45 hadi 50 tu. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Zimo katika maji meusi yatokayo chunguni, pamoja na dawa zilizotumika. Kiwanda chenye mitambo mizima hakiyamwagi maji hayo. Huyachemsha mpaka yakawa mazito, kisha huyachoma katika tanuri. Gundi ya mti huwa kuni za kuendeshea kiwanda, na dawa hukusanywa chini, zikatengenezwa upya kwa chokaa na kurudi chunguni. Tanuri hilo likiwa zima, mto husalimika na kiwanda huokoa fedha. Likichakaa, mali huenda mtoni na angani, na kiwanda hulazimika kununua dawa nyingine.

Moshi na maji

Watu wa Webuye waliijua harufu ya kiwanda chao. Ni harufu ya yai bovu, nayo hutokana na salfa. Pua huinusa hata ikiwa kidogo sana. Kwa miaka mingi wenyeji walilalamika kwamba mabati ya nyumba zao yaliliwa na kutu upesi, na kwamba vifua viliwasumbua. Gesi za salfa zikikutana na unyevu angani huweza kuwa asidi, na asidi hula chuma.

Hali kadhalika mto. Taka za mti zikiingia majini, vijidudu huzila, na katika kuzila hutumia oksijeni ambayo samaki huivuta. Taka zikizidi, samaki hukosa pumzi. Tena Nzoia hauishii Webuye. Hushuka mpaka Ziwa Viktoria, na njiani watu wengi huchota na kunywesha mifugo. Sisi wa mifereji tunalijua jambo hili: afanyalo mtu wa juu humfikia mtu wa chini.

Kiwanda kiliponyamaza

Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa kwa sababu ya madeni na gharama za umeme na mafuta. Hewa ikawa safi, lakini mifuko ikawa mitupu. Wapangaji walihama, maduka yakafungwa, na wale wale waliolalamikia moshi wakaomba kiwanda kifunguliwe. Msiwacheke. Baba asiye na karo ya watoto hawezi kuila hewa safi. Serikali ilijaribu kukifufua, kikasimama tena. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kampuni ya Rai, kikaanza kazi upya, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko zamani.

Na Mgololo je? Kiwanda chake kilianza kazi mwaka 1985 kikiwa mali ya serikali, kikitumia miti ya shamba la Sao Hill. Katika miaka ya 1990 kilisimama. Mwaka 2004 kiliuzwa, nacho pia kwa Rai, kikaitwa Mufindi Paper Mills. Ndugu hawa wawili wamepitia njia moja: kuzaliwa kwa mali ya umma, kunyamaza, kisha kuuzwa kwa tajiri mmoja.

Tujifunze nini?

Hatusemi kwamba viwanda ni vibaya. Daftari la mtoto wako limetoka kiwandani. Tunasema kwamba mji unaokula kwa mkono mmoja hauwezi kuukemea mkono huo. Mtu mwenye shamba, au fundi, au mwenye duka linalouza pia kwa wakulima, anaweza kusimama mkutanoni na kusema, "Tengenezeni tanuri." Asiye na riziki nyingine hunyamaza, na mto hunyamaza pamoja naye.

Basi siku mtakapoambiwa kwamba kiwanda chochote kinakuja kwenu, ulizeni kabla ya kupiga makofi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kiwanda kitachota maji wapi, na kitayarudisha wapi, na yakiwa na hali gani?
2. Mitambo ya kusafisha ikiharibika, nani atalazimika kuitengeneza, na nani atakagua?
3. Kiwanda kikifungwa, kijiji kitakula nini?

Kiongozi wa kikundi aandike majibu, nayo yasomwe mtakapokutana tena.