Kompyuta ikifa, kazi isife: hifadhi orodha ya programu zako

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wenye saiba na wasimamizi wa vituo vya kompyuta vya wadi

 

Mnajua mwezi wa Juni ulivyo. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA, na wengi wetu hukumbuka zikiwa zimebaki siku mbili. Foleni inatoka nje ya mlango. Sasa jiulize: stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, na kompyuta yako isiwake, itakuchukua muda gani kabla ya kumhudumia mteja anayefuata? Saa chache, au wiki nzima? Jibu linategemea zaidi ulichofanya kabla ya siku hiyo kuliko ufundi wa fundi utakayemwita.

Nazungumzia Linux kwa sababu baadhi yenu mmehamia huko. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Ubuntu inazipa maisha mapya bila malipo. Hata hivyo, ikiharibika, muda wa kuirudisha ni wako, na mteja hasubiri.

Jambo kubwa la leo ni hili: kwenye Ubuntu, kwa kawaida huhitaji kunakili programu zenyewe. Nyingi zinakaa kwenye ghala mtandaoni na unaweza kuzichukua tena wakati wowote. Vitu visivyopatikana popote ila kwako ni vitatu: orodha ya programu ulizochagua, mipangilio yako, na kazi za wateja. Hivyo ndivyo vya kuhifadhi.

Tuanze na orodha. Fungua dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kisha uandike:

apt-mark showmanual > programu.txt

Faili utakayopata ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Ina majina ya programu zilizowekwa kwa makusudi. Vifurushi vinavyozitegemeza vitakuja vyenyewe wakati wa kurudisha. Programu zilizowekwa kupitia Snap au Flatpak hazimo humo, kwa hivyo ongeza hizi, na kama hutumii Flatpak ruka ya pili:

snap list > snap.txt
flatpak list --app > flatpak.txt

Pili ni mipangilio: printa, mtandao, na ghala za nje ulizoongeza mwenyewe. Iko kwenye folda ya /etc. Ifungashe hivi:

sudo tar -czf etc.tar.gz /etc

Siku ya kurudisha, usiimwage folda hiyo yote juu ya ile mpya, kwa sababu ndani yake mna maelezo ya diski ya zamani. Chukua unachohitaji tu. Ghala za nje ziko kwenye /etc/apt/sources.list.d, na funguo zake huwa kwenye /etc/apt/keyrings au /usr/share/keyrings. Nakili na hiyo ya mwisho, maana iko nje ya /etc. Ghala bila ufunguo wake halitakubaliwa.

Tatu ni kazi, yaani folda yako iliyo ndani ya /home. Bonyeza Ctrl na H ili uone pia folda zilizofichwa, kwani humo ndimo programu nyingi huweka mapendeleo yako.

Ukishaweka Ubuntu upya, rudisha kwanza ghala za nje na funguo zake. Kisha, ukiwa kwenye folda yenye orodha, andika:

sudo apt update
xargs -a programu.txt sudo apt-get install -y

Zilizopo tayari zitarukwa. Ukiambiwa kifurushi fulani hakipatikani, amri yote itasimama. Usishtuke, hutokea hasa ukihamia toleo jipya. Futa jina hilo kwenye orodha, urudie. Programu za Snap ziweke kwa sudo snap install, ukifuata majina uliyohifadhi.

Kwa wanaonunua bando, kuna njia ya kupunguza gharama. Ukiweka programu kwa apt-get badala ya apt, mafaili yaliyopakuliwa hubaki kwenye /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi. Ukiyarudisha mahali hapo kwenye kompyuta yenye toleo lile lile la Ubuntu, yale ambayo hayajapitwa na wakati hayatapakuliwa tena.

Sasa, nakala iliyo kwenye diski ile ile si nakala. Diski ikifa vinakufa pamoja. Weka moja kwenye flashi au diski ya nje, na nyingine nje ya jengo, kwa sababu moto na wezi hawachagui. Lakini zifungie vizuri. Ndani yake mna vitambulisho na vyeti vya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawataka wanaohifadhi taarifa za watu wazilinde, na pia waweze kuzirejesha hitilafu ikitokea. Kama huna sababu ya kubaki na kitambulisho cha mteja, kifute kazi yake ikiisha.

La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: jaribu. Chagua siku tulivu, tafuta kompyuta ya ziada, uweke Ubuntu na kurudisha kila kitu kutoka kwenye flashi. Angalia saa. Hakikisha printa inachapisha. Kilichokosekana kiongeze kwenye nakala siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ukuta usiotaka kuujenga tarehe 30 Juni watu wakiwa wamesimama mlangoni. Mzee aliyetoka mbali na nauli ya kuja na kurudi tu hana uwezo wa kuambiwa arudi kesho. Kabla wiki hii kuisha, kila kompyuta iwe na orodha yake, na kila mwezi ifanywe upya.